Mume wangu anasema ni mzima baada ya ajali. Siku ya tatu bado kuna haja ya hospitali?

*"Daktari, assalamu alaykum. Jumapili jioni tulikuwa tunarudi Malindi kutoka kwa shangazi yangu Mambrui. Kabla ya kufika daraja la Sabaki, pikapu iliingia barabarani kutoka njia ya vumbi bila kusimama. Mume wangu akaikwepa, gari letu likagonga mti. Yeye alikuwa amefunga mkanda. Alishuka mwenyewe, akasaidia kulisukuma gari, akasema alhamdulillahi hatuna kitu. Leo Jumatano shingo imekakamaa, na mbavu za chini upande wa kushoto zinamuuma akivuta pumzi. Alikwenda duka la dawa akachomwa sindano ya maumivu, akapimwa presha, wakasema nzuri. Mama mkwe ameshamwita mtu wa kumchua kwa mafuta, na anataka apigwe chuku ili damu mbaya itoke. Mume wangu hataki hospitali: ni foleni, ni pesa, halafu ni polisi. Mwenye pikapu anataka atupe shilingi elfu tano tuandikiane yaishe. Mimi nilikaa nyuma, nimempakata mtoto wetu wa miaka mitatu. Sikuumia, ila tumbo liligonga kidogo kiti cha mbele. Mimba yangu ni ya miezi saba. Je, baada ya siku tatu bado kuna haja ya kwenda, au tungoje tuone?"*

Waalaykum salaam, dada yangu. Siku ile ile ulipoandika nilikujibu kwa mistari miwili: nendeni leo, nyote watatu, na wewe uonwe wa kwanza. Sasa nakueleza sababu, kwa sababu swali lako linaulizwa katika nyumba nyingi kuanzia Watamu hadi Gongoni, na mara nyingi anayelijibu ni jirani.

Umenieleza habari ya mumeo kwa kirefu, kisha ukajitaja wewe mwishoni kana kwamba ulikuwa mpita njia. Mimi niliposoma, aliyenitia wasiwasi kwanza ni wewe.

Mfuko wa uzazi ni msuli, ukibonyezwa hujikunja na kurudi. Kondo la nyuma, ambalo ndilo linalomlisha mtoto, halina uwezo huo. Ni kama plasta iliyobandikwa kwenye puto: puto likiminywa ghafla, plasta huanza kubanduka ukingoni. Sehemu ile iliyobanduka hutoa damu, na mtoto hupungukiwa hewa na chakula kwa kadiri kondo lilivyoachia. Wanawake wengi hudhani kwamba likiwapata jambo hilo wataona damu ikitoka. Wengine huiona, lakini kwa wengine damu hujikusanya nyuma ya kondo na nje haionekani hata tone. Wala haihitaji ajali kubwa. Inatokea kwa mama ambaye ngozi ya tumbo lake haina hata mchubuko.

Kuna jambo jingine ambalo watu hawalijui. Mimba inapokua, damu ya mama huongezeka karibu nusu ya ile aliyokuwa nayo. Kwa hiyo mjamzito anaweza kupoteza damu nyingi kabla ya kuhisi kizunguzungu au mapigo ya moyo kubadilika, na mwili wake ukianza kubana matumizi hupunguza kwanza damu inayokwenda kwa mtoto. Mama anaweza kuwa amesimama jikoni anapika huku mtoto tumboni ameshaanza kupata shida.

Ndiyo maana mjamzito ambaye mimba yake imefikia umri wa mtoto kuweza kuishi nje, na tumbo lake limepata pigo, haangaliwi kwa kuulizwa kama anaumwa. Mapigo ya moyo ya mtoto husikilizwa mfululizo, kwa kawaida kwa muda usiopungua saa nne, huku mfuko wa uzazi ukiangaliwa kama unakaza. Wakikufanyia ultrasaundi ni vizuri, lakini usiondoke kwa sababu ultrasaundi imetoka safi tu; kondo lililoachia kidogo mara nyingi halionekani kwenye picha hiyo. Siku tatu zimepita, na hatari kubwa zaidi huwa ni siku mbili za mwanzo, basi huenda mko salama. Lakini "huenda" ya daktari ambaye hajakugusa haina thamani. Kama mtoto amepunguza kucheza, tumbo limekuwa gumu na linauma, unatokwa na damu au maji ukeni, au mgongo unakuuma kwa kuja na kuondoka, hapo hakuna kungoja gari la jamaa limalize shughuli zake. Ondoka saa hiyo, na njiani ulale kwa ubavu wa kushoto, usilale chali.

Chukua na kitabu chako cha kliniki. Kifungue ukurasa wa kundi la damu. Kama limeandikwa pamoja na neno "positive" au alama ya kujumlisha, sawa. Kama ni "negative" au alama ya kutoa, mwambie muuguzi kabla hujakaa. Pigo la tumbo linaweza kuchanganya damu ya mtoto na yako, na mwili wako ukajifunza kuishambulia damu ya mtoto huyu au wa mimba zijazo. Iko sindano ya kuzuia hilo, inayoitwa anti-D, na inatakiwa idungwe ndani ya saa 72. Jumapili jioni mpaka Jumatano jioni ni saa 72. Ukichelewa bado wanaweza kukupa, kwa kuwa hata ndani ya siku kumi inaweza kusaidia kiasi, lakini nguvu yake si ile ile. Na tafadhali usimeze dawa za maumivu za mumeo. Diclofenac na ibuprofen hazifai kwa mimba ya umri huo. Panadol ya kawaida inatosha.

Sasa tuje kwa bwana.

Alishuka mwenyewe na akasukuma gari, na kwa watu wengi huo ni ushahidi kwamba mtu ni mzima. Mwili ukipata mshtuko humwaga adrenalini na kemikali nyingine za kuzima maumivu. Mtu aliyevunjika kifundo cha mguu anaweza kutembea hatua kadhaa kuelekea kwa abiria mwenzake. Hali hiyo huisha baada ya saa chache, na huku uvimbe katika misuli unachukua siku moja au mbili kufika kileleni. Kwa hiyo shingo iliyokakamaa siku ya pili na ya tatu haishangazi hata kidogo, na mara nyingi ni misuli na kano zilizovutika kichwa kiliporushwa mbele na kurudi nyuma. Hilo peke yake lisingenifanya nikuandikie kwa haraka. Kilichonifanya ni ule ubavu wa kushoto.

Magari yetu usukani uko kulia. Mkanda wa dereva unashuka kutoka bega la kulia, unakatiza kifua, unaishia kiunoni kushoto. Wakati gari linasimama ghafla, mkanda humshika mtu kwa nguvu mahali pale unapopinda, nazo ni mbavu za chini za kushoto. Chini ya mbavu hizo ndipo penye wengu, kiungo laini kilichojaa damu. Mvue shati utazame. Kama kuna alama ya damu iliyovilia mfano wa utepe kutoka begani hadi kiunoni, au mstari chini ya kitovu, daktari aonyeshwe, kwa sababu alama hiyo tumboni huenda pamoja na majeraha ya utumbo na wengu kuliko watu wanavyodhani. Nasema hivi si ili mtu aache kufunga mkanda. Bila mkanda ungekuwa unaniandikia barua nyingine kabisa.

Wengu likichanika, wakati mwingine ganda lake la nje hubaki zima na damu hukusanyika ndani yake. Mtu anakula, anakwenda msikitini, anajibu simu. Ganda likija kupasuka, siku ya nne au hata wiki ya pili, damu humwagika tumboni kwa wingi. Dalili moja huwachanganya wengi: damu ikigusa sehemu ya chini ya kiwambo cha kupumulia, maumivu husikika kwenye ncha ya bega la kushoto, ingawa bega lenyewe halina kitu. Mtu husema nimelala vibaya, akachuliwa bega.

Halafu ile presha. Mtu mzima ana damu kama lita tano. Anaweza kupoteza zaidi ya lita moja na presha yake ikasomeka nzuri, kwa sababu mishipa hujibana na moyo huongeza kasi ili kuishikilia. Presha huanguka baada ya kupoteza karibu theluthi ya damu yote, na hapo tayari ni dharura. Kinachobadilika mapema ni mapigo ya moyo na pumzi. Hata kipimo cha wingi wa damu, hemoglobini, kinaweza kutoka kizuri katika saa za mwanzo, kwani kinachovuja ni damu nzima, maji yake na chembe zake pamoja, na kile kilichobaki mwilini uzito wake haujabadilika bado. Kijana wa duka la dawa hakukosea kusoma mashine. Mashine ile ndiyo haijibu swali lililokuwapo.

Sindano nayo imeleta shida mbili. Ya kwanza, imefunika maumivu ambayo yangemwelekeza daktari. Ya pili, nyingi ya sindano hizo ni diclofenac, jamii ya dawa zinazopunguza uwezo wa damu kuganda, na mtu anayeshukiwa kuvuja damu ndani hapaswi kupewa kabla ya kuangaliwa. Amwambie daktari amechomwa nini na lini. Kama duka la dawa bado wana chupa au karatasi yake, aichukue.

Mama mkwe usigombane naye, ana nia njema, na kuchuliwa kuna mahali pake. Mahali pake ni baada ya kujulikana hakuna kilichovunjika. Pingili ya shingo inaweza kuwa na ufa ambao misuli iliyokaza ndiyo inayoushikilia usisogee. Mchuaji anayajua mafuta yake, lakini hana macho ya eksirei. Akiilegeza misuli ile na kuigeuza shingo mpaka ilie, anaweza kuusogeza mfupa juu ya uti wa mgongo, na mtu aliyeingia kwa miguu akatolewa amebebwa. Mambo ninayotaka uyaulize kabla ya mtu yeyote kumshika ni haya: ana ganzi au sindano-sindano mikononi au miguuni? Mkono umelegea, vikombe vinamponyoka? Anaumwa katikati kabisa ya shingo juu ya mfupa, na si pembeni kwenye nyama? Anashindwa kuigeuza mwenyewe, bila kusaidiwa, kutazama bega hili na lile? Jibu la "ndiyo" hata kwa moja, shingo isiguswe, na hapandi bodaboda kwenda hospitali. Tuktuk akikaa wima, taratibu, ni afadhali. Gari la wagonjwa ni bora zaidi, na namba ni 999 au 112.

Tumbo na ubavu, hapo nasema bila kupindapinda: asichuliwe kabisa mpaka aonwe. Na chuku zingoje. Mtu anayeweza kuwa anapoteza damu ndani hatolewi nyingine nje, na damu iliyovilia chini ya ngozi haina ubaya wowote, mwili huila wenyewe kwa wiki mbili tatu.

Hukunieleza kama aligonga kichwa. Kama alizimia hata kwa dakika, hakumbuki ajali ilivyokuwa, ametapika zaidi ya mara moja, kichwa kinazidi kumuuma siku hadi siku, au unamwona amebadilika tabia, hayo yasemwe mlangoni. Na ile desturi ya kumzuia mgonjwa asilale usiku kucha haisaidii kitu. Usingizi haumwui mtu. Hatari ni kwamba anayezama katika kupoteza fahamu hufanana na aliyelala, basi akishaonwa na kuruhusiwa, mwache alale na umwamshe mara kadhaa usiku wa kwanza uone kama anaamka sawasawa na kukujibu.

Mtoto je? Mbavu za mtoto wa miaka mitatu ni laini, hupinda bila kuvunjika, na kwa hiyo ini au wengu linaweza kuumia chini ya mbavu ambazo picha yake ni safi. Naye hawezi kukuambia. Tazama kama anakataa kula, anatapika, analia ukimwinua kwa makwapa, hatumii mkono mmoja, tumbo limejaa, au amekuwa mpole kuliko kawaida yake. Mtoto mtundu aliyenyamaza ghafla mimi humtazama mara mbili. Uliyempakata mwenyewe wakati wa ajali aangaliwe naye, hata kama anacheza.

Mkifika, msitarajie mashine kubwa kwa kila mtu, na wala msiidai. Daktari atauliza ajali ilivyokuwa, atahesabu mapigo na pumzi, atabonyeza tumbo, atapima mkojo kuona kama una damu, jambo linaloonyesha figo. Ultrasaundi ya tumbo inaweza kuonyesha damu iliyomwagika, lakini jeraha dogo ndani ya wengu linaweza kuipita. Skani ya CT ndiyo inayoona vizuri, ila ina gharama na miale, basi hufanywa pale dalili zinapoielekeza. Kinachofaa zaidi ni kuangaliwa tena na mikono ile ile baada ya saa kadhaa. Kama ni ubavu umevunjika, jua kwamba eksirei nyingi hazionyeshi ufa wa ubavu, na matibabu ni yale yale: dawa ya maumivu ya kutosha ili aweze kuvuta pumzi ndefu na kukohoa. Asifungwe kifua kwa bandeji au leso. Kifua kilichobanwa hakijazi hewa, na baada ya wiki mnarudi na nimonia. Ubavu huchukua kama wiki sita. Shingo, ikithibitika ni misuli, inataka kuchezwa taratibu mapema, na hapo mama mkwe na mafuta yake wakaribishwe.

Sikudanganyi: yawezekana sana mkakaa kwenye benchi asubuhi nzima na mkaambiwa nyote ni wazima. Wengi wanaopata ajali kama yenu huishia hivyo. Mume wako atasema, si nilikwambia. Mwache aseme. Lakini kwa ubavu ule na tumbo lile, kungoja nyumbani siishauri.

Kwa walioko Lamu wanaosoma hapa, nyinyi mna hesabu nyingine. Mtu wa Faza au Kizingitini akizidiwa usiku, kuna boti, kuna maji kujaa na kupwa, kisha Mokowe, kisha barabara ndefu kupitia Witu na Garsen kama amepewa rufaa ya kuja huku au Mombasa. Dalili ambayo mtu wa mjini Malindi anaweza kuitazama saa mbili akiwa karibu na hospitali, nyinyi mnaanza safari nayo mchana. Mgonjwa mwenye maumivu ya tumbo asipewe soda wala chakula njiani, kwani huenda akahitaji upasuaji.

Imebaki pesa na polisi. Matibabu ya dharura hayangoji polisi. Katiba ya mwaka 2010, ibara ya 43, inasema mtu hatanyimwa matibabu ya dharura, kwa hiyo mtatibiwa kwanza, na fomu ya P3, ile ya polisi ya kuandikia majeraha, itafuata. Bebeni vitambulisho, na kama mmejisajili SHA, bima ya afya ya serikali, mseme mnapoandikishwa. Kisha mmoja wenu aende kituo cha polisi ajali iandikwe kwenye kitabu cha matukio na mpewe namba ya OB. P3 huanzia kwao, na daktari hujaza sehemu yake kwa kutazama kile kilichoandikwa kwenye faili. Faili ikisema mgonjwa alikuja siku ya tatu, ubavu na tumbo vikaandikwa, kuna la kujaza. Ikiwa alikuja mwezi wa pili baada ya kuchuliwa, wa bima atauliza kilichotokea katikati, na atakuwa na haki ya kuuliza.

Mimi si wakili, na la kisheria mkamwone mwenye kazi yake. Najua tu kwamba kila gari barabarani linatakiwa liwe na bima ya mtu wa tatu, na kwamba sheria yetu huwapa watu miaka mitatu ya kudai fidia ya majeraha ya uzembe wa namna hii, basi hakuna kinachowakimbiza kutia saini wiki hii. Mwenye pikapu huenda ni mtu mwema. Mwambieni mnashukuru, na jibu la elfu tano zake atalipata mtakapokuwa na majibu ya hospitali ya watu wote watatu, na wa nne aliye tumboni.